Weupe wa Mnyama na Macho ya Mtazamaji

Katika uhakiki wa fasihi yetu kuna mazoea ya kuipa kila rangi maana moja na kuridhika nayo: nyeusi ni huzuni, nyekundu ni damu, nyeupe ni usafi. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba mazoea hayo hayamfai mhakiki anapoikabili taashira ya mnyama mweupe wa porini, na kwamba madhara ya fasiri finyu hayaishii kitabuni.

Tuanzie Takaungu, mji ambao tawi moja la Wamazrui lilihamia baada ya Mombasa kutwaliwa na Seyyid Said mwaka 1837. Huko, kama katika miji mingine ya Waswahili, mwanamume huvaa kanzu nyeupe kwenda kusali Ijumaa, na sanda anayozikiwa huwa nyeupe vilevile. Katika masimulizi ya Miraji, ambayo washairi wa pwani wameyatungia tenzi, Buraki aliyembeba Mtume ni mnyama mweupe, mkubwa kuliko punda na mdogo kuliko nyumbu. Weupe basi ni utukufu na mauti kwa pamoja. Lakini lugha yenyewe inayo maana ya tatu, ambayo wahakiki huipita mbio. Peupe si mahali safi. Ni mahali wazi, pasipo kificho. Aliye peupe huonekana na rafiki na adui pia.

Maana hii ya tatu ndiyo, kwa maoni yangu, ufunguo wa kisa cha twiga weupe wa Ishaqbini, hifadhi ya jamii iliyoko Ijara, katika kaunti ya Garissa, upande wa mashariki wa mto Tana. (Mto huo ndio uliobeba visa vya Liyongo, nchi hiyo si ngeni kwa fasihi yetu.) Twiga hao si wenye ualbino: ngozi hukosa rangi kwa sababu ya urithi, lakini macho hubaki meusi. Jike na ndama wake walipopigwa picha za video mwaka 2017, walisimuliwa ulimwenguni kwa msamiati wa miujiza. Machi 2020 hifadhi ikatangaza kwamba jike huyo na ndama wake wameuawa na majangili. Mifupa tu ndiyo iliyopatikana. Dume lililobaki lilifungwa kifaa cha ufuatiliaji penye pembe yake Novemba mwaka huohuo. Wasimulizi walioomboleza walirudia neno "usafi", ilhali kisa chenyewe kilikuwa kikisimulia peupe.

Itasemwa kwamba kilichowapa maana ni uhaba wao. Sikubali. Hifadhi hiyohiyo inamlinda hirola, swala wa rangi ya hudhurungi anayekadiriwa kubaki chini ya 500 porini. Uhaba anao, tena wa aina nzima, lakini hajawa taashira ya chochote nje ya duru za wahifadhi. Wala weupe si sharti: twiga aliyepelekwa China kutoka Malindi mwaka 1415 alikuwa wa kawaida kwa watu wa huku, na akapokelewa katika kasri la mfalme Yongle kama qilin, mnyama wa heri anayeashiria utawala wa haki. Taashira haikai katika ngozi ya mnyama. Huwekwa hapo na mtazamaji mwenye haja yake.

Na haja hiyo ina hatari. Tangu katikati ya miaka ya 2000 watu wenye ualbino waliuawa Tanzania, hasa kanda ya Ziwa, na viungo vyao kuuzwa kwa imani kwamba huleta utajiri. Wauaji hawakuukosea heshima weupe; waliutukuza kupita kiasi, wakamwona mwanadamu kuwa hirizi. Mhakiki anayemsifu mnyama mweupe kwa "nguvu zake za ajabu" anatumia sarufi ileile, hata kama nia yake ni njema.

Ndiyo maana naithamini Takadini ya Ben Hanson (1997), riwaya ya Kiingereza iliyosomwa sana katika shule za sekondari za Tanzania, kuliko maandishi mengi yanayomgeuza mtoto wa aina hiyo kuwa malaika. Sekai, mamaye, haanzi kwa kubishana na wazee juu ya maana ya rangi ya mwanawe. Anamtorosha, anamwondoa peupe.