Kabla ya Kuusifu Mlango, Pitisha Ukucha

Wiki iliyopita, baada ya swala ya alasiri, nilikuta watu wamejazana kwenye uchochoro mmoja wa Kuze, hapa Mombasa, wakiupiga picha mlango. Mlango wenyewe naujua tangu utotoni: maua kwenye mfaa wa katikati, mnyororo umepanda miimo yote miwili, na chini kulia kulikuwa na pengo lililoliwa na mchwa, ambamo tulikuwa tukificha gololi. Sasa pengo halipo, na mlango unang'aa kama sahani ya harusi. Kijana wa nyumba akaniona nimesimama.

"Ami, umetoka kama mpya, au sio?"

Nikamwambia umetoka. Sikumwambia umetokaje.

Kilichojazwa mle ni bodi fila, ile ya gereji, ya kuzibia magari yaliyogongwa. Ikapigwa msasa, ikapakwa vanishi ya rangi ya msaji, na watu wakasema mashaallah. Bodi fila hunywea inapokaza, na kwenye mbao yenye mafuta haishiki ila kwa kubahatisha. Sina la zaidi juu yake. Anayeitia kwenye mlango wa nakshi hahitaji mwongozo, ahitaji kazi nyingine.

Kwa hivyo gundi ya kutia ni epoksi, na hapo ndipo watu hudhani maneno yamekwisha. Wanaingia duka la hadiwea, wanaitisha "Araldite", jina lililoingia sokoni na kampuni ya Ciba ya Uswisi mwaka 1946 na ambalo kwetu limekuwa jina la kila gundi ya mirija miwili, kisha wanatoka na ile ya dakika 5. Ya dakika 5 ni ya kikombe kilichovunjika mkono. Fundi huipenda kwa sababu atalipwa leo na kuondoka leo. Haina nguvu ya ile ya polepole, na joto na maji huilegeza mapema. Mlango wa Mombasa hupigwa na jua asubuhi na chumvi mwaka mzima. Utake ile inayolala usiku kucha ndipo ikaze, na ambayo bado hutaigusa kwa msasa mpaka kesho yake.

Muda ulioandikwa kwenye kopo usiuamini. Hiyo ni hesabu ya nyuzi 20 au 25. Joto likipanda nyuzi 10, muda wa kuifanyia kazi hupungua karibu nusu, na mwezi wa pili hapa utaona mwenyewe. Tena ukiiacha imerundikana kikombeni hujipasha moto yenyewe mpaka itoe moshi. Itandaze juu ya kigae. Gundi yenye rangi ya maziwa mimi sinunui. Usiniulize sababu, sijawahi kuona nzuri.

Vipimo vya gundi na hadina, ile dawa ya kuikazia, vifuatwe kama alivyoandika mtengenezaji, sehemu kwa sehemu. Kuna fundi mmoja, jina lake nalihifadhi, aliyekuwa akizidisha hadina "ikaze upesi". Epoksi haifanyi haraka kwa kuzidishiwa hadina. Hubaki laini kama ubani uliotafunwa. Huyo huyo alikuwa akiitia rangi ya viatu, nyeusi, ili kiraka kifanane na mbao kuukuu. Asubuhi ya Idi mwenye nyumba akaegemea mlango wake akisubiri wanawe watoke, na kanzu yake nyeupe ikaondoka na alama ya mfaa mzima, maua na yote. Ukitaka rangi, chukua unga wa msumeno wa mti ule ule, uliokauka, uchanganye humo. Mvule kwa mvule, mbambakofi kwa mbambakofi. Msaji uupanguse kwa asetoni kwanza, na gundi ifuate pale pale kabla mafuta hayajarudi juu.

Lakini hayo yote mtu atayasoma kwenye karatasi iliyomo ndani ya boksi. Lile ambalo mgeni halioni kamwe haliko kwenye boksi.

Mgeni hutazama mlango kwa macho, na macho ndiyo yanayopakwa vanishi. Fumba macho. Weka ukucha wa kidole cha shahada juu ya mti mzima, pembeni ya kiraka, kisha uvute taratibu kukatisha uzi wa mbao, usifuate uzi. Ukifuata uzi utateleza tu, utasema kazi ni nzuri. Ukikatisha, ukucha utakwambia pale mti unapokwisha na gundi inapoanza. Mti hupumua: masika huvimba, kaskazi ikivuma hunywea. Epoksi haiendi popote. Kwa hivyo donge la epoksi lililosawazishwa vizuri mwezi wa tano, mwezi wa pili litakuwa limechomoza kama ukingo wa shilingi, na lililosawazishwa wakati wa kaskazi litazama masika ikija. Donge likiwa nene, mti uliobanwa kando yake hupasuka ufa mpya, sambamba na ule wa zamani. Ndiyo maana kazi ya gundi haihukumiwi siku ya picha. Ipitiwe na kusi na kaskazi, kisha ukucha.

Ukucha usipokwama ni kwa sababu moja tu: mle ndani kuna mti, na gundi ni utando. Mzee aliyenifundisha hakuwahi kujaza pengo kwa gundi. Alikata kiraka cha mti wa jinsi moja, uzi ukielekea kule kule, kisha akawasha kibatari. Kiraka alikipaka masizi upande wa chini, akakilaza kwenye pengo, akakigonga mara moja kwa nyundo ya mti, akakitoa. Mle pengoni, palipopata weusi ndipo palipogusa. Akaparua hapo kwa patasi, unyoya tu, akarudia. Nimemwona akirudia mara kumi na saba kwa kiraka kisichozidi kiganja. Weusi ulipoenea sawasawa akapangusa masizi yote, ndipo akauliza gundi iko wapi.

Ujuzi huo hakuutoa kwenye milango. Ujanani aliwahi kumtumikia fundi wa bunduki, enzi za uwindaji, kabla haujapigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977. Chuma cha bunduki kisipokaa sawasawa kwenye kitako cha mti, risasi hazipigi pamoja, na kitako kilichochongwa bara kikifika pwani huvimba na kukisukuma chuma. Mafundi wale walitafuta mahali pa kugusa kwa masizi, wakachonga, na epoksi ilipokuja wakaitumia kumalizia nafasi iliyobaki, chuma kikiwa kimepakwa nta kisije kikanasa milele. Epoksi iliyonywea hata kidogo hawakuitaka. "Gundi hujaza unene wa karatasi," akiniambia mzee, "haijazi uvivu." Wala epoksi hakuikaba kwa jiriwa kama tukabavyo gundi nyeupe. Ukiikamua yote, kiungo hubaki kikavu.

Karakana yake ilinuka gundi ya ngozi iliyochemshwa, masizi na vumbi la mvule, na randa zilining'inia ukutani kwa ukubwa kama watoto wa madrasa. Sasa mahali pale panauzwa vifuniko vya simu. Simlaumu anayeuza.

Mawili ya haraka. Kwenye hewa yetu yenye unyevu, epoksi ikikaza huacha utando kama mafuta. Uoshwe kwa maji kabla ya msasa, la sivyo vanishi itabanduka. Na jua huila epoksi ikiachwa wazi, hugeuka manjano kisha unga. Juu ya nakshi yenyewe usiitie kabisa. Ua lililovunjika liache limevunjika.

Siku ile nilirudi kwenye mlango baada ya isha, uchochoro mtupu. Nikachuchumaa, nikafumba macho, nikavuta ukucha. Ulidondoka mahali pawili. Mlango ukafunguka, kijana akachungulia.

"Ami, watafuta nini?"

"Gololi zangu," nikamwambia.