Fundi Asiyekimbilia Spana

Mpelekee fundi Corolla inayochemsha, halafu tazama anaanza na nini. Akifungua boneti na kutamka, "Bosi, hiyo gasketi," kabla hata injini haijapoa, shika pochi yako vizuri. Akiuliza, "Mzee, inachemsha ukiwa kwenye foleni, au ukishika barabara kuu?" vuta benchi ukae. Kwa swali hilo moja ameshaondoa nusu ya washukiwa, na mkono wake bado haujagusa spana.

Nazungumzia magari yanayojaza gereji zetu kuanzia Gerezani, Dar es Salaam, hadi Barabara ya Kirinyaga, Nairobi: Toyota za miaka ya 90, Corolla AE100 na mdogo wake AE110 zenye injini ya 5A-FE ya lita 1.5, pamoja na Mark II na Hiace za dizeli. Mipira yake imekauka, waya zake zimepita mikononi mwa mafundi wengi, na hapo ndipo mtego ulipo. Kwenye gari jipya, spea iliyochakaa huwa ndiyo yenye kosa. Kwenye gari la miaka 30 karibu kila spea imechakaa, kwa hiyo chochote atakachokifungua fundi wa kubahatisha kitaonekana kilistahili kubadilishwa. Atakuonyesha wota pampu yenye mchezo, utakubali, utalipa, na gari litaendelea kuchemsha. Kwa hiyo usimpime fundi kwa ubovu wa kitu alichokuonyesha. Mpime kwa namna anavyounganisha ubovu huo na malalamiko uliyomletea.

Turudi kwenye kuchemsha, maana ndiko mafundi wanakojulikana. Gari likichemsha kwenye foleni na kutulia likishika mwendo, kinachokosekana ni upepo: feni haizunguki, au matundu ya rejeta yamezibwa na tope na wadudu. Likitulia mjini likachemsha mlimani au kwenye mwendo wa 100, upepo upo ila maji hayapiti vya kutosha: rejeta imejaa kutu ndani, pampu imechoka, au mpira wa chini wa rejeta unajibana injini ikivuta maji kwa nguvu. Likichemsha popote, tena maji yakapungua bila tone kuonekana chini, hapo gasketi ya silinda hedi inaanza kutajwa kwa haki.

Kwa Corolla hizi kuna kipimo kimoja kizuri sana cha feni. Swichi yake ya joto imetengenezwa kinyume na unavyotarajia: injini ikiwa baridi swichi inapitisha umeme, ikipata moto inaukata, na kukatika huko ndiko kunakoiwasha feni. Basi fundi anayelijua gari huwasha swichi ya gari na kuchomoa soketi ya swichi ya joto. Feni ikizunguka palepale, mota, fyuzi na rilei ni nzima, na mshukiwa ni swichi yenyewe au waya wake. Isipozunguka, anaufuata umeme kurudi nyuma. Fundi wa aina nyingine akiona feni imelala huifunga dairekti kwenye betri, izunguke muda wote, kisha akakuambia kazi imekwisha. Mwulize basi kwa nini ililala.

Thamostati ina kisa chake. Gereji nyingi huitoa na kuitupa, kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto. Hoja inasikika vizuri, lakini thamostati ya injini hii huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, joto lisilokaribiwa na mchana wowote wa Tanga wala Garissa. Ikitolewa, injini hukawia kupata moto, kompyuta huendelea kudhani ni alfajiri na kumwaga petroli zaidi, plagi hugeuka nyeusi, oili hukusanya unyevu. Mwenye gari analalamika gari linakula mafuta, na fundi yuleyule anamuuzia nozeli. Anayejua kazi huitumbukiza thamostati kwenye sufuria ya maji, akaweka jikoni na kutazama inafunguka lini. Ukikuta gereji yenye sufuria ya namna hiyo, usiihame. Na hata kabla ya sufuria, fundi huyo ataangalia mfuniko wa rejeta: mpira wake ukipasuka au springi ikilegea, presha haijengeki na maji huchemka mapema. Ni kitu cha bei ndogo, na nadhani ndiyo maana hakitajwi.

Akisema ni gasketi, mwombe akuonyeshe. Washa injini ikiwa baridi kabisa; mpira wa juu wa rejeta ukiwa mgumu mara moja, kabla maji hayajapata moto wa kujenga presha, gesi ya silinda inavuja kuingia kwenye maji. Rejeta ikiwa wazi, mapovu hupanda mfululizo. Kipimo cha kompresheni huonyesha silinda mbili jirani zimeshuka pamoja. Ute mweupe chini ya mfuniko wa oili, peke yake, hautoshi, maana gari la safari fupi fupi huutoa kwa mvuke tu. Na hicho kipimo cha kompresheni kina hatua ya pili inayorukwa mno: silinda ikisoma chini, fundi humimina oili kidogo kwenye tundu la plagi na kupima tena. Presha ikipanda, ringi zimekwisha. Isipopanda, tatizo liko kwenye valvu au gasketi. Anayepima mara moja na kutaka kuifungua injini nzima anakuuzia kazi kubwa kwa ushahidi nusu.

Hedi ikishashuka, acha kusikiliza na uanze kutazama. Hedi ya aluminiamu iliyochemka hupinda, na kupinda huko hakuonekani kwa jicho. Lazima pawe na rula ya chuma iliyonyooka na vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Sehemu moja ya kumi ya milimita tayari ni nyingi mno kwa injini hii. Ikipinda iende mashine ikasawazishwe. Ukiona mtu anasugua uso wa hedi au wa bloku kwa msasa wa mashine pale pale gereji, jua chenga zake zinashuka kwenye oili na zitakula beringi taratibu, miezi mingi baada ya wewe kumshukuru. Wakati wa kufunga, boliti zinakazwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu: kwenye 5A-FE ni Newton mita 29 kwa spana yenye kipimo, kisha robo mzunguko, kisha robo mzunguko tena. Fundi anayejivunia kwamba mkono wake "unajua" nguvu hiyo huenda anasema kweli kwa boliti ya nne. Boliti ya kumi anaikaza akiwa amechoka.

Na bado kuna swali analopaswa kulijibu: gasketi iliungua kwa nini? Asiyelijibu amebadilisha gasketi tu, na feni iliyolala bado imelala.

Taa ya injini ikiwaka, wengi hutafuta mashine ya kupimia, na mashine za kisasa mara nyingi hazina pa kuchomeka kwenye magari haya. Fundi wa Toyota za zamani hana wasiwasi. Ndani ya kiboksi kidogo chini ya boneti kuna matundu mawili, TE1 na E1. Anayaunganisha kwa kipande cha waya, anawasha swichi bila kupiga stata, na kuhesabu taa inavyopepesa. Mbili, kituo, mbili tena: hiyo ni 22, njia ya sensa ya joto la maji. Nasema njia makusudi. Namba hiyo inaeleza kwamba kompyuta haipati jibu la maana kutoka upande huo. Kosa linaweza kuwa sensa, soketi yenye kutu, au waya uliotafunwa na panya. Ukisomewa namba na palepale ukaambiwa ununue sensa, hujachunguziwa gari.

Waya huohuo unaumbua ufundi mwingine. Kupanga taimingi ya distribyuta kwenye injini hii hufanywa TE1 na E1 zikiwa zimeunganishwa, ili kompyuta iache kusogeza cheche yenyewe, na alama isimame kwenye digrii 10 kwa taa ya taimingi. Anayezungusha distribyuta kwa sikio mpaka mlio umpendeze anashindana na kompyuta. Injini itaitikia vizuri uwani, kisha itagonga ukipanda mlima Kitonga na mzigo.

Umeme niupitie haraka. Stata ikitoa "tak" moja na kunyamaza, usinunue stata. Fundi aweke mita kati ya kichwa hasi cha betri na chuma cha injini, mwenzake apige stata. Ikisoma zaidi ya nusu volti, waya wa ethi ndio unaozuia, na dawa yake ni brashi ya waya na boliti safi.

Miguu ya mbele nayo ina hila yake. Gari likigonga kwenye matuta, fundi mzuri hupiga jeki na kulitikisa tairi kwa kushika juu na chini, kisha kushoto na kulia. Mchezo wa juu na chini unaelekeza kwenye beringi au boljointi, wa pembeni unaelekeza kwenye tairodi endi. Bushi mpya za mpira hukazwa mara ya mwisho gari likiwa limekanyaga chini kwa uzito wake. Zikikazwa gari likiwa juu ya jeki, mpira hubaki umejisokota na hupasuka mapema, na lawama yote huangukia "spea za siku hizi". Spea feki zipo, na ni nyingi, lakini nyingine zimeuawa na jeki.

Hayo yote yana bei, na bei hiyo mpatane mapema. Gereji zetu nyingi hazitozi uchunguzi. Hulipwa kupitia spea na ufungaji. Fundi asiyelipwa kwa kutafuta tatizo inambidi auze kitu, na ubahatishaji wote nilioueleza unaanzia hapo. Mwambie tangu mwanzo kwamba utamlipa kwa kulitafuta kosa hata likigeuka kuwa waya wa ethi uliolegea, na kwamba spea za zamani utaondoka nazo. Wengine watacheka. Anayekutajia bei ya uchunguzi bila kusita, huyo mwachie ufunguo.