Kikombe cha Barafu

Mzee alikuwa na kawaida moja iliyowachekesha vijana: kabla ya kufunga sensa yoyote ya kupimia joto la chumba cha baridi, alimtuma mtu barafu. Alikataa ile ya friji ya ofisini, akataka ya mama mmoja aliyeuza munaanansi kando ya barabara ya kwenda Kiwatule, ambaye aligandisha maji kwenye vifuko vya plastiki. Aliipondaponda kwa mpini wa bisibisi, akaitia kwenye kikombe cha bati, akaongeza maji kidogo ya kujaza mianya tu, kisha akazamisha sensa humo na kunyamaza kama mtu anayesubiri wali ukauke. Tarakimu za mita zilipanda: 28,000, 30,000, 32,000. Zikatulia 32,600 na ushei. “Haya, sasa tunajuana,” alisema, akiiambia sensa.

Baada ya hapo aliitoa, akaipangusa kwa shati, akaibana kwa kidole gumba na cha shahada. Tarakimu zilianza kuteremka, kwanza kwa kasi, halafu polepole, mpaka zikakaa kwenye 7,000 na kidogo. Ukinzani wa punje iliyo ndani ya sensa hizi hupungua kadiri joto linavyozidi. Kidole cha binadamu hai kina namba yake kwenye mita, na mzee aliijua yake kwa moyo. Asubuhi moja namba ilikataa kushuka inavyopaswa. Alitazama mkono wake, si sensa, akasema ana malaria. Alikuwa nayo.

Kwa nini barafu? Vijana walidhani ni ushirikina wa wazee. Punje zenyewe, nyeusi, ndogo kuliko kichwa cha kiberiti, zina omu 10,000 joto likiwa digrii 25. Ila zinazouzwa madukani ni za koo mbili, na mgeni hawezi kuzitofautisha, kama anavyosikia koo za Buganda, Ngeye na Nkima, akaona tumbili wawili tu. Ndani ya barafu ukoo mmoja husoma 32,650, mwingine 29,490. Kwenye digrii 25 koo zote mbili hukubaliana kabisa. Na mchana wa Ntinda, hapa Kampala, mvua isiponyesha, ni digrii ngapi? Ni hizo hizo 25, au karibu yake. Basi fundi mwenye haraka hufunga sensa ya ukoo huu, akaiambia moduli inayoisoma kuwa ni ya ukoo ule, akatazama skrini, ikasema 25. Akatazama nje, akaona ni kweli. Akatia saini. Kosa limekwenda kumngojea ndani ya chumba cha baridi, ambako skrini itasema 7 huku maziwa yakiwa yamekaa kwenye 8 na nusu. Mji huu wenye hali nzuri ya hewa huwaficha mafundi wabaya.

Mzee alisoma Kyambogo ilipokuwa bado chuo cha ufundi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alikimbilia Nairobi, kama Waganda wengi wa rika lake, akafanya kazi Industrial Area, na Kiswahili chake kilibaki cha kule: kifupi, chenye mzaha, kisichosubiri ujibu. Aliporudi nyumbani hakuna aliyekuwa akijenga majengo ya kujiendesha yenyewe. Alifunga taa, akafunga jenereta, akangoja. Majengo yalipokuja hatimaye, yenye vioo vingi na lifti na mashine za kupoza hewa, wahandisi walikuja na kompyuta zao, naye akaja na mkoba wa turubai.

Nilimtazama akifunga moduli ya kupokea sensa kwenye jengo moja pale Ntinda, si mbali na makutano. Nilikwenda kwa shughuli nyingine. Nikakaa siku tatu. Kilichonishika ni alivyoshughulikia ile foili inayovikwa nyaya za sensa, pamoja na uzi mtupu wa shaba unaolala chini yake. Kila ncha ilikuwa na kazi yake. Upande wa sensa aliikata foili, akaukata na uzi ule, akafunika jeraha kwa mpira unaobanwa kwa moto, akauchoma kwa kiberiti cha gesi akizungusha taratibu ili usiungue upande mmoja. Upande wa paneli aliuacha uzi mrefu, akauvisha mrija wa kijani, akaufunga kwenye ethi. Ethi moja tu, upande mmoja tu. Ukiufunga kote kuwili, alisema, umelijengea jengo njia ya kupitisha umeme wake mchafu katikati ya mazungumzo yako. “Ssebo, mtu akinong’ona, wewe funga mlango. Usifungue wa pili.”

Nyaya zenyewe zilikuwa zimesokotwa jozi jozi. Ni hekima ya zamani: Alexander Graham Bell aliiandikisha kama haki yake mwaka 1881, kwa ajili ya simu. Kelele ikiingia, huingia kwenye nyaya zote mbili sawasawa, na moduli inayopima tofauti kati yao haioni kitu. Fundi wa siku hizi huifumua misokoto hiyo sentimita 20 nzima kabla ya kufika kwenye skrubu kwa sababu inamsumbua vidole. Mzee aliifumua sentimita mbili. Kila ncha aliivisha kikofia cha shaba, akakibana, akakaza skrubu, kisha akavuta. Alivuta kila waya. Nilihesabu mpaka 40, nikachoka kabla yake.

Nao waya wa sensa hakuulaza na waya wa umeme mkubwa hata siku moja. Hili limeandikwa kwenye kila kitabu, na kila jengo jipya ninaloingia hulivunja, maana trei ni moja na wakati ni mchache. Lifti ikianza kupanda, chumba cha ghorofa ya nne kinaonekana kimepata homa ya digrii tatu, halafu kimepona. Tena hapa kwetu kuna radi. Tororo inatajwa miongoni mwa mahali penye ngurumo nyingi zaidi duniani, na Kampala haiko nyuma sana. Radi ikipiga jirani, waya mrefu uliolazwa ovyo huipokea kama antena, na asubuhi moduli imekufa bila kovu.

Matangi ya paani niyaseme kwa ufupi, ingawa yeye angeweza kuyasimulia mpaka magharibi. Chini ya tangi huwekwa sensa ya mgandamizo, ambayo hutuma miliampea 4 tangi likiwa tupu na 20 likijaa. Kwa nini isianzie sifuri? Kwa sababu sifuri ni sauti ya maiti. Tangi tupu lapaswa kusema “sina,” lisinyamaze. Anayenyamaza ni waya ulioliwa na panya. Wenye sensa za kuanzia sifuri wameyaona: panya amekata, mtambo ukadhani tangi limekauka, pampu ikajaza usiku kucha, maji yakashuka kwa ngazi mpaka kwa mlinzi. Busara hii ni ya tangu enzi za mitambo iliyotumia hewa kwenye mabomba badala ya umeme, iliyoanzia pauni 3 na kuishia 15 kwa sababu hiyo hiyo. Kuna mtu zamani alijiuliza tofauti ya kukosa na kutokuwepo, na jibu lake likabaki kwenye mashine, ambako wengi wetu hatulitafuti.

Kuhusu lebo nina la kulalamikia. Mzee aliandika kila waya, ncha zote mbili, kwa kalamu ya risasi kwenye kitambaa cha gundi, akikwepa wino kwa sababu hufifia. Aliandika kwa Kiswahili, herufi kubwa, kwa kuwa alisema hajui atakayekuja baada yake anatoka wapi. Pia aliacha kitanzi cha waya wa ziada chini ya paneli, wa kumfaa huyo atakayekuja. Kyambogo iligeuzwa kuwa chuo kikuu mwaka 2003, na sisemi ilikosewa. Vijana wanaotoka pale wanajua hesabu ambazo mzee hakuzijua kamwe. Lakini sijaona hata mmoja akiacha kitanzi. Siku hizi hata waya wenyewe unaonekana ushamba. Sensa hubandikwa ukutani kwa gundi, hutuma habari hewani, betri ikiisha hubandikwa nyingine, na ile ya kwanza hubaki palepale ikitazama kama jicho la samaki.

Mzee amerudi kwao upande wa Masaka. Macho yamechoka, kazi ya skrubu ndogo haiwezi tena. Mimi nilipita kwenye jengo lile majuzi, miaka tisa baadaye, nikaomba nikione chumba cha baridi cha duka la chini, ambacho alikifunga nikimtazama. Nilivaa koti nililopewa mlangoni, na dakika chache baadaye nikalivua. Sensa ilikuwa pale pale juu ya mlango. Nikaibana kwa vidole viwili, nikamwomba kijana wa zamu aniambie skrini inasema nini.

“3.8.”

Nikangoja dakika nzima. “Na sasa?”

“3.8, ssebo.”

Mlinzi alinikumbuka, akanifungulia paneli. Waya ulikuwa umekatwa inchi moja chini ya moduli, na lebo bado iko shingoni mwake: CHUMBA 2 JUU YA MLANGO. Mahali pake kwenye skrubu palikuwa na rizista moja ndogo yenye mistari nyekundu, zambarau na chungwa. Hiyo ni omu 27,000. Kwa ukoo wa punje aliyoifunga mzee, ni digrii 3.8, mchana na usiku, milango ikifunguliwa au ikifungwa, umeme uwepo usiwepo. Kuna aliyechoshwa na kengele, akaenda kununua kitu cha shilingi chache, akakikaza vizuri sana. Nilikivuta, hakikutikisika.

Nilimwita meneja, nikamwonyesha. Alikuwa mtu mwungwana, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akanishika mkono tukarudi mbele ya skrini.

“Lakini tangu nianze kazi hapa, ssebo,” alisema, “hiki ndicho chumba pekee ambacho hakijawahi kutusumbua.”