Hofu na Dhamiri: Freud katika Uhakiki wa Rosa Mistika

Riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika, iliyotolewa mwaka 1971, imehakikiwa mara nyingi kama kisa cha malezi mabaya. Uamuzi huo si wa uongo, lakini hauelezi ni kwa njia gani ukali wa baba huzaa upotovu wa binti. Hapo ndipo nadharia ya Sigmund Freud iwezapo kumfaa mhakiki, mradi asiifanye ufunguo wa kila mlango.

Katika kitabu chake cha mwaka 1923, Freud aliigawa nafsi katika sehemu tatu: silika zidaizo kutoshelezwa, nafsi-tambuzi ipimayo hali halisi, na dhamiri iamrishayo na kukemea. Dhamiri, kwa maoni yake, hujengeka utotoni, mtoto anapoipokea sauti ya wazazi na kuifanya yake.

Msomaji mwepesi wa Freud atasema kwamba tamaa za Rosa zilibanwa nyumbani, kisha zikafumka shuleni mfano wa maji yaliyovunja ukingo. Maelezo hayo hayatoshi, kwani wasichana wengi hubanwa wasifumke. Lililo muhimu ni kwamba Zakaria, mlevi aliyempiga bintiye kwa ajili ya barua ya Charles, hakumpa Rosa sheria ambayo angeweza kuiheshimu. Alimpa hofu tu. Sauti yake haikuingia moyoni mwa binti. Ilibaki nje, katika fimbo. Rosa alipokwenda shule ya bweni, fimbo ilibaki nyumbani, wala hapakuwa na kitu cha kushika nafasi yake. Paka akiondoka, panya hutawala: methali hii yaipambanua hofu na dhamiri kwa maneno machache kuliko ya Freud.

Hata hivyo nadharia hii ina mipaka. Kwanza, Bronislaw Malinowski alionyesha mwaka 1927 kwamba katika visiwa vya Trobriand mamlaka juu ya mtoto yalikuwa ya mjomba, si ya baba. Basi mgogoro wa mtoto na baba, ambao Freud aliudhania kuwa wa wanadamu wote, hutegemea muundo wa ukoo. Pili, anguko la Rosa halikutokana na nafsi yake peke yake. Alikwisha kujirudi alipochumbiwa na Charles. Naye Charles alimwacha alipojua kwamba hakuwa bikira, na Rosa akajiua. Kipimo hicho hakikumhusu mwanamume. Mhakiki atafutaye chanzo cha kifo hicho katika utoto wa Rosa tu, huisamehe jamii iliyompima.

Uchanganuzi wa nafsi na utusaidie, basi, kueleza jinsi Rosa alivyoumbika. Ama swali la nani aliyemhukumu, na kwa haki gani, hilo halijibiwi na nafsi ya Rosa. Hujibiwa na desturi za waliomzunguka.