Paini Haitaki Nguvu

Seremala anayeijua paini utamtambua kwa jinsi anavyoishika mashine ya msasa: haikandamizi. Uzito wa mashine unatosha kufanya kazi. Mkono upo kuiongoza tu. Mwanagenzi husukuma kwa nguvu zote za mabega akitaka kumaliza upesi. Haupiti muda, msasa wake unaota mabaka ya kahawia yanayong'aa, hauli tena mbao bali unaibabua.

Paini, ikiwemo ile inayoshuka kutoka mashamba ya miti ya Sao Hill kule Mufindi, ina utomvu, na utomvu haupatani na joto. Ukiwa baridi na mkavu huvunjika ukawa vumbi. Ukipata moto hulegea na kunata. Msuguano wa mashine huupasha moto, na utomvu hukamata vumbi na kulishindilia katikati ya punje za msasa. Punje zikishafunikwa hazikati, zinasugua tu, joto linapanda, na utomvu unalegea zaidi. Fundi hodari kazi yake ni kuukata mzunguko huo, na ninachomvulia kofia ni kwamba huanza kuukata kabla hajawasha mashine.

Huanzia kwenye kuchagua mbao. Hupitisha kidole kandokando ya vifundo, hunusa. Mbao iliyoanikwa tu yaweza kuwa imekauka maji huku utomvu wake ungali mbichi. Iliyokaushwa kwenye tanuri, kwa joto la nyuzi 70 au zaidi, imefukuza sehemu kubwa ya tapentaini yake, na utomvu uliobaki umeganda. Tofauti hiyo huokoa karatasi nyingi za msasa. Palipo na kifundo kinachotoka machozi hapeleki mashine kwanza: hukwangua kwa ubapa mkali, hufuta kwa kitambaa chenye spiriti, kisha husubiri pakauke kabisa, maana spiriti na cheche za mota havikai pamoja.

Msasa nao una siri zake. Fundi huanza na namba 60 au 80, kwa kuwa punje kubwa huacha nafasi ya vumbi kutoka. Hupendelea karatasi ambayo punje zake zimetawanywa, zikifunika nusu ya uso wake au zaidi kidogo, tena iliyopakwa ule unga mweupe wa stearati ili uchafu usishike. Hupunguza mwendo wa mashine na kuunganisha kifyonza vumbi. Mkanda wa msasa ukianza kujaa, huuegemeza kipande cha mpira mbichi ukiwa unazunguka, na mpira huondoka na uchafu. Wapo wanaotumia brashi ya waya. Mimi siipendi, inang'oa na punje.

Utulivu huo wa mkono una faida nyingine isiyohusu msasa hata kidogo. Katika kila pete ya paini kuna sehemu laini iliyokua upesi na sehemu ngumu iliyokua taratibu. Ukikandamiza, hasa kwa pedi laini, sehemu laini inaliwa kuliko ngumu, na ubao unabaki na mawimbi usiyoyaona mpaka vanishi ikauke na taa imulike kwa pembeni. Ndiyo maana fundi huyu hupitisha kiganja ubaoni akiwa amefumba macho, kisha hurudia kwa namba 120, na mara nyingi huishia 150. Karatasi laini kuliko hiyo hujaa upesi, na paini haipati cha ziada.