Viambishi na Lawama katika "Malaika": Usomaji wa Machakos

Mhakiki wa wimbo "Malaika" kwa kawaida huanza na sitiari ya malaika, akapita kwenye taswira ya ndege, akahesabu takriri, kisha akahitimisha kwamba dhamira kuu ni mapenzi yanayozuiwa na ukata. Hitimisho hilo si kosa. Kasoro yake ni kwamba lingefikiwa hata kama maneno hayo yangeandikwa kwa nathari. Makala haya yanadai kwamba uzito wa kishairi wa wimbo huu haumo katika tamathali zake, ambazo ni za kawaida mno katika ushairi wa mahaba wa Kiswahili, bali umo katika viambishi vichache vinavyoliacha wazi swali la nani alaumiwe. Swali hilo hupata sura ya pekee wimbo unaposikilizwa Machakos, ambako mahari ina utaratibu wake.

Kuhusu matini yenyewe hayahitajiki mengi. Wimbo ulivuma kwa sauti ya Fadhili William (1938–2001), mwana wa Taita. Miriam Makeba na Harry Belafonte wakautia katika albamu yao ya 1965, na Boney M wakaurekodi mwaka 1981. Haki ya utunzi imedaiwa na zaidi ya mtu mmoja, akiwemo Adam Salim wa Tanzania. Mgogoro huo una faida moja kwa mhakiki: unamzuia kukimbilia nia ya mtunzi kila anapokwama.

Neno "malaika" nalo si la mbinguni kiasi wanachodhani wanaouimba wimbo huu ughaibuni. Katika Kiswahili ni pia mtoto mchanga, na ni vinyweleo laini vya mwilini. Mpenzi huyu basi ni mtukufu na papo hapo ni wa kuguswa. Baadaye anageuka "kidege": mabawa yamebaki, lakini kiambishi cha udogo kimemshusha kutoka mbinguni hadi tawini.

Utata wenye maana zaidi umo katika kitenzi kinachofuatana na ndege huyo, "hukuwaza". Kikichanganuliwa kwa namna moja, "hu-" ni kiambishi cha mazoea na "-ku-" ni mtendwa: msemaji humfikiria mpenzi wake kila siku. Kikichanganuliwa kwa namna ya pili, "hu-" ni ukanushi wa nafsi ya pili na "-ku-" ni ya wakati uliopita: wewe hukufikiri. Namna ya kwanza ni kiapo cha mapenzi. Ya pili ni lawama. Sarufi inazikubali zote mbili, wala mahadhi hayamsaidii msikilizaji kuchagua, kwa kuwa sauti ni zilezile. Ni kweli kwamba muktadha wa mapenzi unaipa nguvu namna ya kwanza. Hata hivyo, kijana aliyekwisha kukiri kwamba ameshindwa na mali ana sababu ya kunung'unika, na kitenzi hiki kinamruhusu anung'unike bila ya kusikika akinung'unika. Anayetafsiri hana budi kuchagua moja, na hapo ndipo wimbo unapopungua.

Jambo kama hilo linatokea pale "sina" inapofuatwa na silabi "we". Hiyo "we" yaweza kuwa mwito tu, yaani "wewe unayenisikiliza". Yaweza pia kuwa ndicho kinachokosekana: sina wewe. Ufukara wa mali na ukosefu wa mpenzi vimebanwa katika pumzi moja.

Kinachosalia ni "ningekuoa". Sarufi za shule hutenga "-nge-" ya sharti ambalo bado linawezekana na "-ngali-" ya sharti lililokwisha kupita. Wazungumzaji wengi huzichanganya, lakini wimbo umeshika ile ya kwanza. Mlango haujafungwa. Kwa msikilizaji wa Ukambani jambo hili si la kinahau tu. Katika mila za Wakamba mahari hutolewa kwa awamu, pengine kwa miaka mingi. Ndoa hutiwa muhuri na ntheo, yaani mbuzi wanaopelekwa kwa kina msichana, na mahakama za Kenya zimeutazama ushahidi wa ntheo kila zilipoulizwa kama ndoa ya Kikamba ilikuwapo. Sheria ya Ndoa ya 2014 imeafiki kwamba, pale mahari inapotakiwa, sehemu ndogo ya ishara inatosha kuithibitisha ndoa ya kimila.

Akisikilizwa hivyo, kijana wa wimbo anaonekana kuyahesabu madai yote kwa mkupuo, ilhali desturi ingemtaka aanze na mbuzi. Huruma ya msikilizaji haiondoki, kwani mbuzi nao hununuliwa, na kijana wa kibarua mjini Machakos analijua hilo. Lakini lawama inasogea: kutoka kwa fedha, ambazo wimbo unazishtaki waziwazi, kuelekea kwa kijana aliyesema "ningekuoa" asitume wazee.

Wimbo huu huimbwa hata katika arusi, mbele ya mwanamume ambaye wazee wake walikwisha kwenda na kurudi. Wapo waimbaji wanaokiacha kiambishi cha "hukuwaza" na kuimba "nakuwaza". Badiliko ni la silabi moja, na bibi arusi haulizwi tena kama alifikiri au hakufikiri.