Siri ya Nani? Uhakiki wa Istilahi "Chama cha Siri" katika Historia ya Mbale na Jinja

Makala haya yanahakiki istilahi "chama cha siri" inavyotumika kueleza mikondo ya kiimani ya mashariki mwa Uganda. Hoja kuu ni kwamba istilahi hiyo imefumbata mambo matatu yasiyofanana: siri ya njama, siri ya hifadhi na siri ya mwiko.

Tuhuma ya njama iliiandama zaidi Dini ya Msambwa, iliyoasisiwa na Elijah Masinde miongoni mwa Wabukusu wa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1940, kisha ikavuka Mlima Elgon hadi kwa Wagisu wa upande wa Mbale. Hata hivyo, jina lenyewe halifichi kitu. "Dini" ni neno lililokuwa likitajwa hadharani kwa Ukristo na Uislamu. Kuliambatisha na "msambwa", yaani mizimu ya wahenga, kulikuwa ni kudai hadhi sawa na dini hizo. Mwezi Februari 1948 polisi waliufyatulia risasi umati wa wafuasi huko Malakisi, na mwezi huohuo dini hiyo ikapigwa marufuku. Ni kweli kwamba wafuasi wake walihusishwa na uchomaji wa majengo. Lakini aghalabu usiri unaotajwa kuwa ni tabia ya kundi ulikuwa tokeo la marufuku.

Abayudaya wanadhihirisha siri ya hifadhi. Jumuiya hiyo iliyoanzishwa na Semei Kakungulu karibu na Mbale mwaka 1919 ilisali waziwazi kwa miongo kadhaa. Idi Amin alipoipiga marufuku ibada yao katika miaka ya 1970, waliobaki walisali mafichoni. Alipoangushwa mwaka 1979, walijitokeza tena. Kilichobadilika ni serikali, si imani.

Siri ya mwiko inaonekana Jinja, ambako Wasoga nao wana neno "omusambwa" kwa roho zinazokaa mitoni, miambani na mitini. Maporomoko ya Bujagali, makao ya roho Budhagaali, yalifunikwa na maji ya bwawa la umeme la megawati 250 lililozinduliwa mwaka 2012. Kabla ya hapo, wasemaji wa kimila walitofautiana hadharani kuhusu iwapo roho hiyo ingeweza kuhamishwa, na nani mwenye idhini ya kuihamisha. Mipango ya maendeleo hutafuta mwenyekiti, daftari la wanachama na sahihi. Maarifa ya ibada hayagawiwi kwa utaratibu huo.

Aina hizi tatu huweza kuingiliana, na kundi moja laweza kupita kutoka moja hadi nyingine. Ndiyo sababu mtafiti anapaswa kuuliza nani anaficha, anamficha nani, na tangu lini. Mshauri wa sera naye anapaswa kupata majibu hayo kabla ya kupendekeza usajili au marufuku, kwani sheria inayochanganya mwiko na njama huweza kuzalisha usiri uleule inaokusudia kuuondoa.